Usukani wa Gari la Kijani

Theuri wa kinu cha posho hakumwamini mtu. Ukimsalimu kwa nguvu, anajiuliza unataka nini. Ukimsalimu polepole, anajiuliza unaficha nini. Na miaka ile ya sabini, jameni, kwake Nyeri nzima ilikuwa imegeuka mji wa minong'ono. Wanawake wa foleni ya kusaga walinong'ona. Tajiri mwenye kinu alinong'ona na karani wake. Hata Kagure, mke aliyemzalia watoto watano, siku hizi alisema maneno yake chini chini huku amempa mgongo, anakoroga chungu. "Kikulacho ki nguoni mwako," Theuri alijiambia, akafunga kabati lake kwa kufuli.

Usidhani kabatini mlikuwa na pesa. Mlikuwa na magari. Magari madogo ya mashindano, ya zamani kweli, yale ya kiti kimoja na magurudumu membamba ya spoki, kila moja la kukaa kiganjani. Yalianza mwaka wa sitini na nne, Mzungu mmoja wa Timau alipouza vyombo ili arudi kwao. Theuri alikuwa amefuata mkanda wa injini, akaongezewa boksi la bure: vipande vya plastiki, chupa ya gundi, na picha ya gari jekundu juu ya kifuniko. Akacheka, akasema hivi ni vitu vya watoto. Akaunganisha kimoja, akaunganisha cha pili, na basi, akanasa.

Maboksi yaliyofuata aliletewa na Dawud, fundi wa saa mwenye kibanda kando ya soko. Babake Dawud alitoka Isiolo, mamake ni mtu wa hapa hapa, na Kikuyu alikiongea kuwashinda wengine. Akienda Nairobi kutafuta vipuri vya saa, alipitia duka la vichezeo. Ndiye aliyemfundisha Theuri kushika kipande kwa kibano badala ya vidole vile vya kubebea magunia, kupasha plastiki kwenye mshumaa na kuivuta mpaka ikawa nyaya za injini, na kutumia rangi ya kucha pale rangi ya boksi ilipokauka. Jumamosi mchana walikaa kibandani, huyu na saa, yule na gari. Theuri hakuwa na rafiki mwingine, wala hakumtafuta.

Sasa sikiliza. Gari la kijani lilimchukua misimu miwili ya mvua. Jumamosi moja, pale kwa Dawud, alibandika tumbo na mgongo wa gari, akaziba na kiti, likawa kitu kimoja. Ikabaki kazi ya usukani tu, kidude cha kulingana na kifungo cha shati, ambacho alikuwa amekipaka rangi ya mbao na kukiweka mezani kikauke. Akakusanya vidude vyake kwenye boksi la kiberiti, akaenda nyumbani. Kufungua kiberiti, usukani hamna!

Alikung'uta blanketi. Alifagia mvungu wa kitanda. Akamtazama Kagure kwa jicho baya, kisha watoto, kisha akapiga hesabu yake ya kishetani: nani mjini anajua thamani ya kitu kile? Ni nani aliye na vibano, na visahani vya vitu vidogo vidogo? Moyo ukamuuma, lakini pia, lazima tuseme, ukafurahi kidogo, jinsi moyo wa mtu mwenye shuku unavyofurahi ukipata wa kumshuku.

Jumatatu alilibeba gari mpaka kibandani. Wateja wanne walikuwa wakingoja. "Fundi, usukani yangu iko wapi?"

Dawud alilipokea gari. Akafanya anavyofanya na kila kitu kinacholetwa pale: akalisogeza sikioni, akalitikisa kidogo. Akawatupia wateja jicho, akainama, na Theuri akaona midomo yake ikicheza. Ikacheza tena.

"Unanong'onezana nini na hawa?" Theuri alifoka. "Unanicheka? Mwizi wewe! Umeniibia!"

Akalinyakua gari lake, akapiga sinia kwa mkono. Springi na vigurudumu vya saa za watu vikamwagika mavumbini.

Mwizi! Neno hilo ukimwambia mwuza viazi, atakutukana mkamalizana. Lakini fundi wa saa anaishi kwa kuaminiwa. Kabla ya wiki kwisha, mwalimu alikuja kuchukua saa yake ambayo haijatengenezwa, na nesi naye, na mhubiri. Theuri alipita ng'ambo ya barabara, akaona, akasema moyoni, si unaona, hata wao wamejua. Habari ikafika kinuni kwamba Dawud anafunga kibanda aende Isiolo kwa dada yake. Theuri alipoambiwa alitikisa kichwa tu. Usiku huo hakula.

Kagure ndiye aliyelishika gari siku ya kufuta vumbi, kabati likiwa wazi.

"Baba Wangechi, hii kitu inalia."

"Ati?"

"Nasema inalia! Kuna kitu ndani."

Theuri akaliweka sikioni, akalitikisa. Kimya. "Hailii. Wewe pia umetumwa?"

Kagure alisogea karibu. Alimshika mkono mumewe, akamwekea ncha za vidole chini ya mkia wa gari, akatikisa. Hapo Theuri akakisikia, kwa vidole: kidude kinagonga plastiki, kinarudi, kinagonga tena. Akatikisa mwenyewe karibu na sikio. Kimya.

Alikaa kitandani. "Mama Wangechi," alisema, "mbona siku hizi unaninong'oneza?"

"Mimi?" Kagure alishangaa, kisha uso wake ukabadilika. "Mimi naongea vile nimeongea siku zote."

Miaka ishirini ya injini ya kinu masikioni. Theuri alikuwa anajua, na hakuwa anajua. Wanawake wakimwuliza kitu, huitikia kwa kichwa. Tajiri akisema, huitikia kwa kichwa. Mwendesha kinu asiyesikia injini ikikohoa atamwaga unga, afutwe kazi kesho yake, na nyumbani kuna midomo saba.

Siku ya soko walienda wote wawili. Dawud alikuwa akipanga vyombo kwenye kreti la mbao. Watu wakajua patachimbika, wakasogea. Karani wa kinu alikuwa miongoni mwao. Theuri alitafuta maneno, akayakosa. Akalishika gari la kijani kwa mikono miwili, akalivunja mkia. Ka! Kidude cha rangi ya mbao kikaanguka juu ya meza ya fundi.

Dawud alikiinua kwa kibano. Akasema kitu. Theuri akaikodolea macho midomo yake, hakupata.

Kagure akarudia kwa sauti. "Anasema alikwambia! Siku ile ile. Alikwambia kuna kitu ndani ya mkia, mara mbili. Alisema polepole usiaibike mbele ya watu."

Theuri akamgeukia Dawud.

"Anasema vile ulimwaga sinia, alijua umesikia," Kagure aliendelea. "Alijua unajua ukweli, na umeamua tu kummaliza."

Dawud alitoa saa moja kwenye kreti. Akaizungusha ufunguo mpaka ikajaa, akanyoosha mkono juu ya meza na kuiweka kwenye sikio la Theuri. Safari hii midomo yake ilisomeka: Unasikia?

Karani alikuwa amesimama pale pale. Kichwa cha Theuri kilianza kuitikia chenyewe kwa mazoea. Akakizuia.

"Sisikii!" alisema, na kwa kuwa hakuweza kuipima sauti yake, alisikika mpaka steji ya mabasi. "Fundi, sisikii kitu! Wewe si mwizi! Ni mimi masikio yangu imekufa!"

Soko lilinyamaza, ingawa yeye hakujua. Dawud akazunguka meza, akaihamishia saa kwenye sikio la pili, akangoja.