Mwanamke Aliyechimba Mfongo

Watu huniuliza kwa nini mume wangu hajaandika kitabu cha pili. Nami huwauliza kama walisoma cha kwanza. Hapo ndipo wanapokumbuka kwamba ng'ombe hawajakatiwa majani, wakaaga.

Sylvanus alikuwa akifundisha historia sekondari, na kihamba chetu, shamba la urithi tunaloishi, kiko huku mlimani, juu ya Rau. Walimu wenzake walipokuwa wakihangaika na tuisheni, yeye alizunguka kwa wazee kuuliza mfongo wetu ulichimbwaje. Ni mfereji unaoleta maji kutoka mtoni hadi kwenye migomba yetu, na ni wa zamani kuliko Wajerumani. Wazee walimpa majina ya wanaume watupu, tena kila mzee akimtaja babu yake. Hakuna aliyeweza kumwambia nani hasa aliona kwanza maji yangepita wapi.

Basi akabuni mtu. Akamwita Ndekusara, mjane aliyeanza kuchimba kwa jembe lake wakati wanaume bado wakibishana kuhusu mbuzi wa tambiko.

"Theodora," akaniambia, "historia ikinyamaza, mwandishi ndiye anayesema."

Nilikuwa nakamua. Nikamwambia asogeze ndoo.

Nilimtania, lakini usiku ule aliponisomea habari za Ndekusara nililia, na siku zote nimeamini kwamba mume wangu ana kipaji. Wachapishaji hawakuamini. Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, na kila mchapishaji Dar es Salaam alitaka vitabu vya shule tu. Mmoja alimshauri aongeze mapenzi. Mwingine akapoteza mswada, kisha akamlaumu kwa kutokuwa na nakala. Wa mwisho alikubali, mradi mwandishi auze mwenyewe. Maboksi yakaja kwa basi, yakaingia chini ya kitanda chetu. Duka la vitabu mjini liliviweka nyuma ya rula na madaftari. Padri alimpongeza altareni, wala hakukifungua. Mimi nilivibeba sokoni pamoja na ndizi, na mama mmoja akaniuliza kama kina sala za novena.

Kisha bei ya kahawa ikaanguka. Watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, na nyanya haivumilii kiu. Maji ya mfongo yakawa ugomvi. Kwa mila yetu, ukoo wa aliyechimba mfongo ndio unaogawa zamu, na kwetu ni ukoo wa Mzee Kornel. Gidioni, jirani yetu mwenye nyanya kihamba kizima, alichoka kusubiri zamu yake. Aliposikia mwalimu ameandika kuhusu mfongo, alikuja nyumbani akanunua kitabu. Sylvanus alifurahi mpaka akamwandikia jina lake ndani. Maskini mume wangu!

Gidioni alikwenda nacho mbele ya kamati ya maji, akakiinua juu.

"Mfongo si wa akina Kornel! Aliuchimba mjane asiye na ukoo. Haya hapa, yamepigwa chapa!"

Neno riwaya lilikuwa juu ya jalada, jekundu, na hakuna aliyelijali. Kwetu kitu kikipigwa chapa ni kweli. Vijana wa ukoo wa Kornel wakachukua mapanga, wa Gidioni nao wakachukua ya kwao, na Sylvanus akaitwa na kamati.

Alijaribu kuwaeleza. Riwaya si ushahidi, alisema, lakini si upuuzi pia; mtu anaweza kubuni akitafuta ukweli.

"Mwalimu," mwenyekiti Isack akamkatiza, "huyo mama alikuwepo au hakuwepo?"

"Nimembuni."

"Kwa hiyo ni uongo?"

Sylvanus aliwatazama vijana mlangoni.

"Ni uongo," akasema.

Wakamwamuru apeleke isale kwa Mzee Kornel. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani hilo, naye akilipokea amekusamehe, na neno hilo halifufuliwi tena na yeyote. Nilibeba mbege, pombe yetu ya ndizi, Sylvanus akabeba isale. Sikuwahi kuona jani likimlemea mtu namna ile. Nilikuwa na hasira. Mume wangu alikuwa akiomba radhi kwa jambo zuri kuliko yote aliyowahi kufanya.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba." Mzee alilipapasa jani, maana macho yalikuwa yamemwisha, akalipokea. "Yamekwisha. Sasa nisomee huo uongo nilioutolea msamaha."

Sylvanus akasoma. Mwanzoni alisoma harakaharaka, baadaye akajisahau, akasoma kama alivyonisomea mimi. Alisoma jinsi Ndekusara alivyopiga magoti kusikiliza ardhi, akasoma alivyopasua mwamba kwa moto na maji baridi. Mzee hakugusa mbege. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke.

"Hakuwa mjane," akasema mwishoni. "Alikuwa binti, hajaolewa, wala si wa ukoo wetu. Hayo mengine yote ndivyo bibi yangu alivyonisimulia, hata huo moto."

Kitabu kilimdondoka Sylvanus. Akapiga magoti sakafuni, mtu mzima na mvi zake.

"Baba, jina lake nani?"

Mzee Kornel alikuwa bado ameshika jani.

"Isale umeshaleta, mwalimu. Umesema mbele ya watu kwamba ni uongo. Basi ni uongo, na mfongo ni wetu."

Njiani Sylvanus aliniuliza kama nadhani mzee angekubali kumtajia jina tu, amnong'oneze, naye hataliandika popote. Nilikaza mwendo, kwa sababu ningefungua mdomo ningemtukana mzee wa watu. Mzee Kornel alikufa kabla ya masika. Nilikwenda mazikoni kama jirani mwema, nikatupa udongo wangu kaburini, na nilijua kwamba pamoja naye ninamzika yule binti na jina lake.