Mtani na Kifua cha Gari

Nikiwa mtoto niling'olewa jino zima. Naanza hapo kwa sababu ulimi wangu mpaka leo unaingia kwenye lile pengo kila ninapokaa kimya, na mimi kukaa kimya si kawaida yangu, kama mtakavyoona.

Baba alikuwa mkwezi kwenye shamba kubwa la minazi, na pale palikuwa na mnyapara mwenye koleo. Koleo lenyewe lilikuwa la kung'olea misumari ya masanduku, lakini mkono wake mwepesi, basi watu wakawa wanampelekea meno. Langu lilikuwa la nyuma, chini, upande wa kulia. Nikaambiwa nionyeshe kwa kidole. Nikaonyesha. Sasa mtoto akishafunguliwa kinywa na mtu mzima anayenuka mbata, na baba yake amemshika kichwa kama anavyoshikwa mbuzi wa Idi, hicho kidole kinaonyesha popote. Jino likatoka. Mnyapara akalifuta, akaliinua juani, akaligeuza huku na huku, kisha akasema, "Haa! Mbona hili zima?"

Jioni alikuja nyumbani na kuku kwapani. Alikaa ukumbini, maji hakunywa, akamwambia baba, "Nimemtoa mwanao jino la haki." Watu wa zamani walikuwa na maneno. Jino la haki! Lile bovu liliendelea kuniuma mpaka likachoka lenyewe, na yule kuku tulimpika supu, nikamtafuna kwa upande mmoja.

Sikumchukia hata siku moja. Alikosea, akajua kakosea, akaja. Nikakua nikidhani kwamba mtu akitoa kizima akaacha kibovu, basi ni bahati mbaya.

Shule niliacha darasa la pili. Msinionee huruma, hakuna aliyenifukuza. Lile shamba lilileta trekta, na mimi nilipoliona trekta nikawa sioni tena ubao. Nilianza kwa kulifuta vumbi, nikaishia kuliendesha. Baada ya trekta nikaendesha lori la nazi, baada ya lori nikamwendesha bwana mmoja wa serikali aliyekuwa analala garini akikoroma mpaka abiria wa njiani wanadhani injini ina kasoro. Uzeeni nikapata changu mwenyewe: kigari kidogo cha mzigo, kirikuu, cha Kijapani, kilichochoka lakini kina adabu. Kazi yake kubeba barafu. Naipakia Kilindoni asubuhi, mabonge, naizika kwenye unga wa mbao, nafunika turubai, naipeleka Bweni, kule juu kwenye ncha ya kisiwa, karibu na Ras Mkumbi, wavuvi wahifadhie samaki wao.

Barafu haina subira. Njia ya Bweni ina mchanga, na ina mwinuko mmoja ambao mtu wa bara ataucheka auite tuta, lakini gari dogo lenye mzigo likifika pale linamkumbuka Mungu. Langu lilikuwa linapanda. Lilikuwa na kitu ambacho vigari vingine kama hicho havina: supachaja. Mimi nilikuwa nakiita kifua. Ni kidude cha chuma kimekaa ubavuni mwa injini, kinazungushwa na mkanda wake, kazi yake kuipulizia injini hewa kwa nguvu ili ile ndogo ifanye kazi ya kubwa. Kinapofanya kazi kina sauti, kama mtu anayepiga mluzi huku kafumba mdomo. Nilikuwa nausikia mluzi ule naona raha, nimewahi hata kumwambia mke wangu kuwa ni mtamu kuliko sauti yake, akaninyima chai.

Sasa niwaeleze habari za fundi wangu.

Fundi alikuwa mtu wa bara, alikuja kisiwani kijana, akaoa hapa, akazeeka hapa. Watu wa kwao na watu wa upande wa bibi yangu ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Anayejua utani haambiwi, na asiyejua nitamwambia kwa ufupi: mtani wako anaweza kukutukana, kukuchukulia kofia, kula chakula chako kabla yako, na wewe hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa, wewe ndiye mwenye makosa. Sisi hata kuamkiana hatukuamkiana kama watu. Yeye akiniona: "Mtumwa wangu! Umeshapata nazi ya kukudondokea, au bado umelala chini unasubiri?" Na mimi: "Kaa kimya wewe, siku ya kwanza kuona bahari ulidhani mbingu imeanguka, ukaomba ngazi."

Siku niliyomzika mwanangu wa kwanza, fundi alitangulia kuingia kaburini. Akalala mle kwenye mchanga, na suruali yake ya oili, akasema hatoki mpaka apewe sigara, maana marehemu alimwahidi na hakumpa. Watu wakalia, watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Wallahi nilicheka, machozi yananitoka, na kile kicheko ndicho kilichonitembeza mpaka nyumbani. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nilimwamini, jibu langu ni hilo.

Basi gari likaanza kuunguruma. Si mluzi tena. Sauti ya kinu cha kusagia kilichoingiwa na jiwe. Nikampelekea. Akafungua, akautoa ule mkanda wa supachaja, akawasha injini. Kimya. Akaurudisha, akawasha. Jiwe likarudi kinuni.

"Umeona?" akasema. "Ugonjwa uko kwenye mkanda huu, na mkanda huu unazungusha kifua chako."

Akachukua bisibisi ndefu. Ncha akaigusisha ndani huko, chini, sikuona wapi, mpini akaniwekea sikioni. "Sikiliza mwenyewe, mtumwa wangu, usije ukasema nimekuroga."

Nikasikiliza. Mngurumo ukaniingia mpaka kwenye lile pengo la jino.

"Kifua kimekufa," akasema. "Beringi zimekwisha, mapanga yanasagana ndani. Ukiendelea nacho kitakula injini."

Pale uani pake kulikuwa na kirikuu kingine cha namna ileile, kimefunikwa makuti. Mkwewe, mume wa bintiye, alikinunua Dar kikiwa kibovu. Nikauliza, "Na cha mkweo je, hakina kifua tuazime?" Fundi akacheka, "Kile nacho kimekufa siku nyingi. Wagonjwa wawili hawapeani damu." Akasema ataagiza Dar, kwa wale wanaouza spea zilizotumika. Nikangoja. Wavuvi wa Bweni nikawaomba uvumilivu, wakanipa.

Kilipokuja kilikuwa ndani ya boksi, kimepakwa rangi ya fedha, kinang'aa kama sufuria ya bi harusi. Fundi akakifunga. Akawasha. Kimya! Hakuna jiwe, hakuna kinu. Nilimkumbatia mpaka nikachafua kanzu, mke wangu akaifua siku mbili.

Kosa langu ni kuuchukua ukimya kama afya. Gari halikunguruma, sawa, lakini mluzi nao haukuwapo. Kwenye ule mwinuko likaanza kuhema. Nakanyaga mafuta, linanitazama. Nashuka, nasukuma, napanda. Nikifika Bweni chini ya turubai kuna uji wa unga wa mbao.

"Mzee, leo umetuletea maji ya kuogea?" wakaniuliza. Mara ya kwanza walicheka nami. Baadaye wakaacha kucheka, na hiyo ni mbaya zaidi, maana samaki walikuwa wanawaharibikia. Nikarudi kwa fundi.

"Gari limezeeka kama mwenyewe," akaniambia. "Wewe mwenyewe ukipanda mwinuko ule kwa miguu utafika?"

Nikacheka, nikaondoka. Mke wangu akasema, "Mwanamume, gari likaangaliwe na fundi mwingine." Nikamjibu kwamba simwachi mtu aliyelala kaburini kwa ajili yangu nikaenda kwa mtu baki. Akanitazama, akaendelea kuchambua mchele. Huwa akinyamaza namna ile kuna jambo analijua, lakini hasemi mpaka nilijue mwenyewe, na mimi nikilijua anasema alilijua.

Asubuhi moja niko katikati ya mwinuko, gari limesimama, mimi nimeshuka nimeweka jiwe nyuma ya tairi. Nikasikia mluzi. Unatoka nyuma, unapanda, umefumbwa mdomo, haukatiki. Kikapita kirikuu cha mkwe wa fundi, kimejaa barafu mpaka kimekaa chini, kikanirushia mchanga, kikaufuta ule mwinuko kama haupo. Mkwe hakunitazama. Mimi nilibaki nimeshika paji la uso. Mtu anajua kikohozi cha mtoto wake hata akiwa gizani kati ya watoto mia. Mimi mluzi ule nimeuendesha miaka.

Sikwenda Bweni. Niligeuza gari na barafu yangu, nikashuka mpaka kwa fundi, maji yanachuruzika nyuma yangu njia nzima.

Siku ile sikuwa na haraka ya kushuka garini. Watu walikuwa wamekaa juu ya matairi wanakunywa kahawa, na fundi katikati yao.

"Mtumwa wangu! Mbona unavuja? Umezeeka mpaka kibofu cha gari?"

Wakacheka. Nikaegemea boneti nikasema, nikijitahidi sauti iwe ya utani, "Mtani, nimepishana na kifua changu njiani. Kinawapandishia watu wengine."

Nilitaka akatae. Ningemwamini, nasema kweli. Angesema naona ndoto, angeapa, angenitukania bibi yangu, ningerudi nyumbani nimefurahi, nikasukuma gari langu mpaka kufa.

Kahawa ikamtoka puani kwa kicheko. "Jamani, kagundua! Mimi nilisema hagundui mpaka kiama!" Akawageukia wenzake, akaanza kuwasimulia kama anayesimulia harusi. "Kwani kilichokuwa kinalia ni nini? Si kipuli tu, kile kigurudumu kidogo cha kukazia mkanda! Kiberingi chake hiki hapa, hakizidi kifungo cha koti. Kipuli nikambadilishia, kelele ikaisha. Kifua chake kizima nikampa mkwe, na cha mkwe kilichokufa, kinachozunguka tu bila kupuliza, nikakisugua petroli, nikakipaka rangi, nikakitia kwenye boksi. Nimemwekea bisibisi sikioni, kafumba macho, mngedhani anasikiliza maulidi!"

Wakacheka wote. Mmoja akaniambia, "Mzee, hapo umepatikana, huna la kusema."

"Umeniibia," nikasema, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Mtani haibi," akanijibu. "Mtani anachukua."

"Basi nimekubali umechukua. Sasa kirudishe. Wavuvi wangu wamehama."

"Wamehamia kwa mkwe wangu, na mkwe wangu si ni mtumwa wako pia? Mali yako haijatoka nyumbani." Akanisogelea, akaniangalia usoni, bado anatabasamu. "Au umekasirika?"

Watu wote waliniangalia mimi, hakuna aliyemwangalia yeye.

"Sijakasirika," nikasema.

"Basi cheka."

Nikacheka. Nilifungua kinywa, sauti ikatoka, mabega yakatikisika, na wao wakacheka, na yeye akanipiga begani kwa furaha ya mtu ambaye rafiki yake hajamwangusha. Nadhani aliamini kabisa kwamba tumemaliza. Akaagiza nimiminiwe kahawa. Kikombe kikaja, nikakishika, kilikuwa cha moto, nikakiweka chini kwenye tairi.

Ufunguo nikauacha juu ya boneti, achukue na gari. Nikalikunja turubai langu, likiwa limelowa, nikaliweka begani, nikashika njia.

"Wee mtumwa! Unakwenda wapi? Gari lako je?"

Nikaendelea kutembea. Nikasikia mtu akisema, "Mwacheni, anatania," na fundi akiitikia, "Atarudi huyo, hajanywa hata kahawa." Maji ya turubai yakawa yananishuka mgongoni, ya baridi. Sikurudi.