Mtoto Alianza Kuongea kwa Kiswahili Changu, Sasa Nimeambiwa Ninyamaze

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana Madam wangu naye anasoma huu ukurasa. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na nne, nimezaliwa Jinja kwenye kota za askari magereza. Baba ni Mteso, mama ni Mlugbara, kwa hiyo nyumbani lugha ilikuwa Kiswahili tu. Mzee amestaafu, yuko kule Wanyange, na mpaka leo hata kuku anawafukuza kwa Kiswahili. Mimi sijui kumbembeleza mtoto kwa lugha nyingine.

Mwaka huu niko Mbale, Nabuyonga, najifunza kazi ya kulea watoto wadogo katika kituo kimoja. Si chuo cha kukaa darasani. Unawekwa chini ya mwenye kituo, ndiye huyo Madam, unabadilisha nepi, unalisha uji, unacheza na watoto, naye anakuangalia. Mwisho wa mwaka akiridhika anakusainia, unapewa cheti. Asiposaini, umelea watoto wa watu bure. Ijumaa hii ndiyo siku yangu ya kuangaliwa mara ya mwisho kabla ya saini.

Katika kundi langu kuna mtoto wa kiume, nitamwita Denis ingawa si jina lake. Ana miaka mitatu na alikuwa haongei kabisa. Masikio mazima, akili ipo, ila mdomo kimya. Madam alimwimbia kwa Kiingereza, maana hicho ndicho wazazi wanacholipia, na mtoto akawa anamtazama tu. Mimi sikuwa na ujanja wowote. Siku moja nilijificha ndani ya stoo ya magodoro nikaanzisha mchezo tuliokuwa tunacheza kota. Wa nje anagonga kwa nguvu, anasema "Fungua mlango!", wa ndani anauliza "Nani?", halafu mlango unafunguliwa mnakimbizana. Denis alicheka mpaka akakaa chini. Tukawa tunacheza kila siku baada ya uji, mimi nikisema maneno yote, ya nje na ya ndani. Wiki zikapita, mara akagonga mwenyewe akasema, "Fungua mlango!" Jamani, nililia. Hata Madam alipiga makofi.

Sasa sikieni. Denis anaishi na mama yake na jaja yake, yaani mama mzaa mama. Jumapili moja mchana jaja alikuwa amejilaza chumbani. Mtoto akaenda, akaupiga mlango kwa ngumi mbili, akaita kwa sauti yake yote, "Fungua! Fungua mlango!" Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kutamka katika nyumba ile. Mama yake akatoka jikoni mbio kwa furaha, akafungua, akamkuta mzazi wake amejibana chini ya kitanda, leso aliyojifunga imelowa, anasema kwa Kigisu kwamba mume wake hayupo, amesafiri. Mume huyo alichukuliwa na wanajeshi zamani, huyu mama Denis akiwa bado tumboni. Walikuja wakagonga, wakasema maneno hayo hayo, kwa lugha hiyo hiyo. Hakurudi.

Jumatatu mama Denis alikuja kituoni, hata kiti alikataa. "Wewe ndiye unamfundisha mwanangu lugha ya bunduki?" Nikamwambia, "Mama, ni mchezo tu." Akasema, "Kwenu ni mchezo." Wazazi wengine walikuwa pale wanaleta watoto, wakasikia yote. Madam akaomba msamaha kana kwamba mimi sipo, kisha akanigeukia: "Nikisikia Kiswahili tena hapa kwangu, saini yangu usahau. Umeelewa, afande?" Wenzangu walicheka kidogo kwa kusikia naitwa afande. Nikasema nimeelewa.

Basi nikanyamaza. Denis alipokuja kugonga stoo nilimjibu kwa Kiingereza cha Madam. Akajaribu siku kadhaa, kisha akaacha. Sasa haongei tena, si kwetu si kwao. Anakaa karibu na magodoro anavuta uzi. Mimi namlisha, nambadilisha nguo, namfuta kamasi, na ndani sisikii chochote. Machozi hayaji. Nilimpigia baba simu nikamweleza, akaulizia bei ya mahindi huku Mbale. Nikamtajia. Hata hilo halikuniuma.

Juzi mama Denis alinisubiri njiani nikitoka kazini. Nilidhani kaja kunitukana tena, kumbe ametumwa na mama yake. Akasema, "Jaja amesema uendelee kuongea na mtoto. Anasema mtoto akibaki bubu kwa ajili yake, hatakufa vizuri. Yeye akisikia ataziba masikio."

Nikamuuliza, "Na wewe unasemaje?"

"Mimi nataka mtoto wangu aongee."

"Basi mwambie Madam."

Akatazama chini. "Nilipiga kelele mbele ya wazazi wote. Nirudi na uso gani? Wewe ongea naye kichinichini, tafadhali, na usiseme kwamba nimekuja."

Kichinichini, kwenye chumba kimoja chenye watoto kumi na Madam mlangoni! Ndugu zangu, niko hivi. Nikimwongelesha Denis, mwaka wangu umekwenda na maji, na kila neno nitakalompa litarudi nyumbani kumtafuta bibi wa watu kitandani kwake. Ameruhusu, ndiyo, lakini mtu aliyesema ataziba masikio ameruhusu kweli? Nikinyamaza, napata cheti cha kulea watoto, na Denis anabaki vile.

Leo asubuhi amenishika sketi. Akafungua mdomo, akawa anauangalia mdomo wangu, anasubiri nianze. Madam alikuwa amesimama pale pale. Nikampa kijiko.

Nishaurini. Ijumaa akinishika tena, nifanye nini?