Siku Nilipousafisha Wasifu wa Mkuu wa Chuo

Hata leo nikipita mbele ya ule ukumbi wa chuo uso unaniwaka, na sina wa kumlaumu ila mimi na huu ugonjwa wangu wa kutaka kila kitu kinyooke (mimi hata orodha ya kwenda sokoni Darajani nikikosea herufi naiandika upya).

Chuo chetu kidogo kilipata mkuu mpya, Bi Zuhura, na mimi, karani wa majaribio, nikapewa kazi ya kusoma wasifu wake siku ya kumkaribisha. Nilijua nikiharibu, ajira sina.

Akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono: kazaliwa kijijini Jambiani, mama yake mkulima wa mwani, naye kaufunga mwani kwenye kamba miaka yote ya skuli, mtihani wa kidato cha nne kaurudia mara mbili, akafundisha skuli ya msingi, akajiendeleza kidogo kidogo mpaka shahada ya udaktari. Nikaona haya kwa niaba yake. Mkuu wa chuo, afeli? Basi nikaamua kuisafisha kidogo tu, mwani nikautoa, mitihani nikaitoa, nikatia “familia ya wasomi”.

Kumbe safu nzima ya mbele ni kina mama wa Jambiani, wamevaa kanga za sare, na katikati kakaa Bi Mwanakheri, mama yake Mkuu. Nilipofika kwenye wasomi wangu akanyanyua mkono, wala hakungoja kuruhusiwa.

“Samahani, mwanangu. Huyo unayemsoma ni nani?”

Nikababaika, nikasema kwenye kipaza sauti, “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Lakini hujanijibu.”

Ukumbi ukacheka. Hapo mwenye akili angenyamaza, mimi nikaeleza kwamba labda ni wasomi wa upande wa baba.

“Baba yake mvuvi wa pweza, Mungu amrehemu. Barua zake nikimsomea mimi.”

Nikatamani sakafu inimeze. Bi Zuhura akainuka, akanijia, akaninong'oneza (na kipaza sauti kikanasa kila neno), “Karatasi yangu iko wapi?”

“Mkobani.”

“Itoe, soma ile.”

Nikaitoa, nikaanza kuisoma kwa sauti ndogo. Nilipotaja mwani kina mama wakapiga vigelegele, na nilipofika kwenye mtihani uliorudiwa mara mbili Bi Mwanakheri akanisahihisha, “Mara tatu. Moja kaificha huyo.” Mkuu akacheka mpaka akajifuta machozi, wanafunzi wa nyuma wakasimama kupiga makofi, na mimi nikasikia sauti yangu inapanda, nikasoma mpaka mstari wa mwisho ukumbi mzima umesimama.

Baadaye Mkuu akaniita ofisini.

“Kwa nini uliyafuta mambo yangu?”

Nikamwambia kweli: mimi mwenyewe nilifeli kidato cha nne, kompyuta na uandishi nimejifunza peke yangu kwenye simu, na kwenye fomu ya kazi pale pa elimu nimeandika “inaendelea”.

Akanisukumia fomu mpya. “Kaa hapo, ijaze. Usipambe.”

Nikaijaza, nikaandika nilifeli, nikaandika najisomea. Akaisoma polepole, akatia saini ya kuniajiri.

Nimeapa. Barua, ripoti, hata kadi za harusi nitazinyoosha herufi kwa herufi, lakini maisha ya mtu siyagusi tena, yangu yakiwemo.