Pini Tulizozitoa Kwenye Barua za Rais

Siku ile Columbus, nilipoletewa fomu ya kuruhusu picha zitolewe kwenye barua bila kuachwa karatasi za kutenganisha mahali pake, nilipaswa kukataa. Niliweka saini. Nimefanya kazi nyingi nzuri, lakini naanza na hiyo, ili kijana anayetaka kazi ya nyaraka ajue anasoma maneno ya nani.

Nilianza Louisville, Marekani, katikati ya miaka ya 2010, kwenye ghala la kampuni iliyoandaa nyaraka za maktaba ya rais mmoja mstaafu wa huko. Mimi ni Mrundi niliyekaa kambi ya wakimbizi Tanzania. Huko nilikuwa karani wa orodha za majina, na cheti changu cha sekondari ndicho kilichonipa nafasi. Siku ya kwanza Msimamizi wa Ghala, mama mmoja mkali, aliniwekea kasha mezani.

"Usipange chochote," alisema. "Kama mtu aliacha risiti ya viatu juu ya barua ya balozi, iache hapo hapo."

Huo ndio mpangilio wa asili: karatasi hubaki jinsi mwenyewe alivyoziacha, maana jirani ya karatasi nayo ni habari.

Nilishika kazi haraka. Pini yenye kutu huivuti. Unapenyeza kipande cha plastiki chini yake, unainua taratibu kama unayemtoa mtoto mwiba. Picha haikai na barua, kwa kuwa dawa zake huichafua. Ukiitoa, unaacha mahali pake karatasi ya kutenganisha, inayosema picha imekwenda kasha gani. Haukupita mwaka nikahamishiwa Columbus, karibu na chuo kikuu, niongoze meza ya barua za watu wa kawaida waliomwandikia rais. Nilijivuna, na sioni aibu kusema hivyo.

Kati yake zilikuwamo barua za Kiswahili kutoka kambi zetu, nyingi zimebanwa kwa pini pamoja na picha ya mtoto. Mkuu wa Kitengo alikuwa na haraka.

"Karatasi za kutenganisha zinatuchelewesha," alisema. "Picha zina majina nyuma. Baadaye tutazirudisha kwa barua zake kwa jina la ukoo."

Alipoondoka, Bahati, Mkongomani wa Kivu niliyefanya naye kazi meza moja, alicheka.

"Mzee, weye Murundi, weye na mudogo yako munaitwaka jina moja?"

"Hapana."

"Bon, umwambie basi!"

Kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Baba, mama na watoto wanne ni majina sita tofauti. Nilijua. Lakini Mkuu alikuwa ameshanitajia nafasi ya chumba cha kukarabati karatasi kule Buffalo, nami sikutaka nionekane msumbufu. Nikasaini ile fomu, nikaipata Buffalo.

Huko ndiko mikono yangu ilikokomaa. Nilikuwa naunga karatasi zilizochanika kwa karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu na gundi ya wanga, mpaka mshono usionekane. Mhifadhi Mkuu aliwaambia wageni, "Mpeni mzee huyu vipande kumi, atawarudishia barua nzima." Hata leo barua hizo zipo, zinasomeka.

Mke wangu Consolata, mjane kutoka kambi nyingine niliyemwoa Shively, kando ya Louisville, tulihamia naye Tonawanda, karibu na Buffalo. Siku moja tukiwa mezani aliniambia, "Nami nilimwandikia rais. Niliweka picha ya Eliya wangu. Sikuwa na nyingine."

Eliya, mtoto wake wa pekee, alifia kambini.

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya. Lakini si wewe unayesema kazini kwenu hakipotei kitu? Nitafutie, mzee."

Barua niliipata wiki hiyo hiyo: Consolata Ndayizeye, matundu ya pini juu, na maneno "mwanangu ndiye huyu hapa". Picha ingekuwa na jina la Eliya Nimubona. Nikauliza Columbus. Picha zote ambazo majina yake hayakulingana na barua yoyote zilihesabiwa kuwa hazijulikani zilikotoka, zikasagwa.

Nilimweleza Consolata kila kitu, hata saini.

"Ulijua majina hayatalingana?"

"Nilijua."

Alirudi Shively kwa dada yake. Mimi nilistaafu mwaka uleule kwa cheti cha heshima, na nilikistahili. Ila kwa sababu ya nafasi ya Buffalo, Eliya hana picha tena duniani, na mimi sina mke.