Kichwa cha Binti wa Msusi

Mimi ni wifi yake, kwa hiyo nikimsema msishangae, na nikimsifu mjue ni kweli tupu. Mke wa marehemu kaka yangu ni msusi, na jina lake la kuzaliwa wamebaki wachache wanaolikumbuka. Sote tunamwita Kaza. Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu na mashine ya kukaushia nywele inayonguruma hadi mnashindwa kusengenyana, na wanawake hupanga foleni mlangoni kabla hajafungua. Kazi yake ni kushonea nywele. Anakusuka mistari myembamba iliyolala kichwani, kisha kwa sindano iliyopinda na uzi mweusi anakushonea nywele za bandia juu yake, safu kwa safu, mpaka mama yako mzazi akuulize zimekua lini.

Jina la Kaza hakupewa bure. Mistari yake huanzia kwenye vile vinywele laini vya kwenye paji la uso, ambavyo wasusi wengine huviacha, na anavuta mpaka nyusi zinapanda. Mteja akiweza kucheka vizuri baada ya kushonwa, Kaza humrudisha kitini, anasema uzi haujashika. Vipele vikiota pajini, anavipangusa kwa spiriti na kusema ni dalili ya kazi nzuri. Mimi nilishonwa naye mara moja tu. Nililala nimekaa kama mlinzi, nikameza vidonge vya kichwa, na kulipokucha nikafumua kimyakimya na kujifunga kitambaa. Lakini wateja wake walijivunia maumivu yale. Nywele za Kaza zilikaa miezi bila kulegea, na mwanamke akiingia mahali nyusi zimempanda, wenzake walijua ametoka wapi.

Binti yao wa pekee tulimwita Doli, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa bango la saluni. Kila mtindo mpya ulianza kwake. Kaka yangu alipofariki, saluni ndiyo iliyowalisha, na mtoto alipelekwa shuleni, dukani, hata msibani, akiwa amesukwa ili watu waulize kasukwa wapi. Sikumbuki kuziona nywele zake zikipumzika hata wiki moja. Zilipoanza kukatika pembeni mwa paji, Kaza alisema ni shampuu. Zilipoisha kabisa, alisogeza mistari nyuma kidogo, akaziba mbele kwa nywele za bandia. Nilimwambia, wifi, huyu mtoto anaota upara kama babu yake. Akanijibu nibaki na cherehani yangu, vichwa nimwachie yeye. Nikabaki nayo.

Doli alikua, akapata kazi ya hesabu katika ofisi ya mji mwingine, akapata na mchumba, kijana mpole anayeongea kama anaomba radhi. Huko hakusukwa tena na mama yake. Kwenye picha alizotutumia alikuwa amevaa mawigi, mazuri tu, lakini Kaza aliyatazama kwa jicho la pembe. Maana yeye tangu amzike mumewe alikuwa na ndoto moja, na kila aliyekaa kwenye kile kiti aliisikia: siku Doli anaolewa, atamshona kwa mikono yake mwenyewe, nywele halisi za binadamu, ndefu mpaka kiunoni, na watu watajua yule mtoto ana mama. Nywele zile alikuwa amekwisha kuzitafuta. Alizihifadhi kabatini zimefungwa kwenye kitambaa cha hariri, na mteja aliyempenda aliruhusiwa kuzigusa.

Mchana wa siku ya kuamkia harusi aliwarudisha wateja, akafunga mlango na kuvuta pazia. Tulibaki watatu ndani. Doli alikaa kitini, kitambaa bado kichwani. Kaza alimtania kwamba bibi harusi anamwonea haya hata aliyemzaa. Doli akafungua.

Kuanzia sikio hadi sikio, na kurudi nyuma karibu na utosi, hapakuwa na kitu. Ilikuwa ngozi tupu, inang'aa kama sahani iliyooshwa. Zilizobaki zilikuwa za kisogoni na shingoni, fupi na chache.

Kaza alichukua chanuo, akalirudisha, akaanza kutafuta kwa mkono. Vidole vyake vinavyoweza kushika unywele mmoja hata taa zikizimika vilipita juu ya ile ngozi, vikarudi, vikapita tena, kama mtu aliyedondosha pete mchangani. Akapata vinywele vichache nyuma ya sikio, akavisuka, vikateleza. Akapaka mafuta mazito, akaanza tena, vikateleza. Akabana pumzi, akavuta, vyote vikaja mkononi mwake, kila kimoja na nukta nyeupe ya mzizi mwishoni. Alivifuta haraka kwenye aproni nisione, akahamia upande wa pili. Jasho lilimtiririka. Alikuwa akiongea peke yake: pana kitu hapa, hapakosi kitu, nikianzia nyuma nikavutia mbele, nikiweka wavu, nikitia gundi. Machozi ya Doli yalishuka hadi kidevuni bila sauti.

"Niambie tu zinaota lini," Kaza alisema mwishowe. "Kuna mafuta. Kuna dawa nzuri, nitaiagiza."

"Haziwezi kuota, mama. Nilikwenda kwa daktari wa ngozi. Mizizi imekufa, pamebaki kovu. Anasema zilivutwa mno, tangu nikiwa mdogo." Akagusa kisogo chake. "Na hizi za nyuma zikivutwa tena, nazo zinakwenda."

Kaza alijitupa kwenye kiti cha pili. Nilimwuliza Doli, tena kwa ukali, kama alijua hayo yote kwa nini asivae wigi lake akatupumzisha. Akanieleza kwa upole kwamba mchumba wake anajua kila kitu, ndiye aliyempeleka kwa daktari, na kwake yeye wigi lingetosha. Lakini ukumbini watakaa wateja wote wa mama, na hao hulitambua wigi hata likiwa mbali. Wataona mama hakumshona. Wataulizana kwa nini, na jibu likijulikana, nani atakalia tena kile kiti?

"Kwa hiyo nishone hapo nyuma tu, mama," alisema. "Vuta unavyovuta siku zote. Zile ndefu zitafunika mbele. Ni siku moja. Zikienda, ziende."

Mungu anisamehe, nilitaka kumzaba kibao mmoja wao, na sikujua yupi. Mtoto alikuwa amesafiri kuja kumpa mama yake nywele za mwisho alizobaki nazo, na mama alikuwa amekaa pale mdomo wazi, hana pa kukimbilia.

Nilidhani atakataa. Akainuka, akatunga uzi kwenye sindano. Alisuka mistari kisogoni, akafungua ile hariri, akalaza safu ya kwanza ya nywele na kupitisha sindano. Mkono wake ukapanda kuuvuta uzi, kama ulivyopanda maisha yake yote, na ngozi ya mtoto ikainuka pamoja nao. Ukabaki hewani. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha akachukua mkasi, akakata uzi, akafumua mstari mmoja mmoja mpaka yote ikaisha.

"Nikilegeza, zinadondoka ukumbini mbele ya watu," alisema. "Nikivuta..."

Alilia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku tuliyomzika kaka yangu. Alilia ameshika zile nywele za watu asiowajua, akauliza mara kwa mara afanye nini sasa. Mimi najua kushona vitambaa tu, basi nikachukua kitambaa kilichobaki nilipomshonea Doli gauni la harusi, nikaenda kukata kilemba.

Asubuhi nyumba ilijaa wanawake. Wateja walikuwa na kiherehere cha kuona kazi ya Kaza, wakagonga mlango wa chumba cha bibi harusi kwa zamu. Kaza akawatokea kizingitini, macho yamemvimba, akawaambia hakumshona. Wakauliza kwa nini. Akasema nywele za mwanawe amezimaliza mwenyewe, kwa kuvuta. Walicheka, wakidhani ni utani wake. Mmoja aliacha kucheka kabla ya wenzake, akapeleka vidole pembeni mwa paji lake na kupapasa.

Ndani, Doli alikuwa amekaa mbele ya kioo na gauni lake, kichwa wazi, mzuri, nasema hivyo bila kutia chumvi. Kaza alirudi, akaniomba kilemba. Alimwambia mwanawe kwamba hiki hakina uzi wala sindano, ni kitambaa laini tu, na kama hatakasirika, angependa amfunge yeye. Walau hilo. Doli alitabasamu, akasema ndiyo, mama, nifunge.

Kaza alisimama nyuma yake, akainua mkono. Kabla haujamgusa, Doli alifumba macho. Akashika kiti kwa mikono yote miwili, akabana meno, akakakamaa hivyo akingoja, na lile tabasamu bado liko usoni. Sidhani kama alijijua.

Mama yake alimwona kwenye kioo. Alisimama palepale na mkono wake juu, kisha akaushusha polepole, akageuka na kunikabidhi kitambaa.

"Wifi, mfunge wewe," akasema. "Mikono yangu anaijua."