Likizo ya Kuhesabu kwa Mkono Mmoja

Nyumba yetu ya Kimaka, penye kambi na chuo cha maofisa wa jeshi mjini Jinja, ilinuka bia, na hakuna mtu aliyekunywa. Mama alikuwa mlokole, baba hakuipenda ladha yake, lakini vizibo vya chupa vilijaa kila mahali: ndani ya sufuria, chini ya kitanda, dirishani vikikauka baada ya kuchemshwa kwa sabuni ambayo haikuwahi kuishinda ile harufu. Baba, askari wa cheo cha chini, aliviokota kwenye kantini ya kambi na kuvileta katika mifuko ya sare, akiingia mlangoni huku mifuko ikilia kama njuga. Mama alivitaka vya kufundishia kuhesabu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, nami nilikuwa mmoja wa watoto wa darasa lake, jambo lililonipa kiburi kisicho na kiasi. Baba alikuwa Mwacholi na mama Mgisu, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili cha kambini, kile kinachokwenda mbio bila kujali sarufi. "Mama Akello," baba alimtania, "wakubwa nakuja hapa Kimaka kusoma vita, wewe nakwenda Mbale kusoma vizibo." Mama hakucheka. Siku zile hakuwa na muda wa kucheka.

Amri ilikuwa imetolewa kwamba mwalimu wa chekechea asiye na cheti aende chuo au aondoke. Mama alikuwa amefundisha miaka mingi kwa nyimbo tu. Alikuwa na wimbo wa kunawa mikono, wimbo wa kupanga viatu, wimbo wa kunyamaza, na juu ya zote wimbo wa kuhesabu hadi ishirini, ambao tuliupiga kwa makofi na miguu mpaka mabati yakatetemeka. Wazazi walisimama dirishani kutusikiliza. Basi akawa anakwenda chuoni Mbale kila likizo, akafaulu masomo yote isipokuwa hesabu. Hesabu zilimwangusha. Likizo ninayoisimulia ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, na mwalimu mkuu alimwambia mbele yangu, bila kuzunguka, kwamba akirudi bila cheti darasa atapewa mwingine. Mimi niliamini darasa lile ni letu, kama kitanda chetu. Niliogopa sana, na kwa kuwa niliogopa sikuweza kukaa mahali pamoja.

Tulifikia Nkoma, pembeni mwa Mbale, kwa dada yake mama, niliyemwita mama mkubwa. Ua wake ulinukia malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa kwa karanga, na upepo wa mlimani uliingia chini ya mlango asubuhi tukiwa bado tumejifunika. Kila jioni mama alishuka kwenye boda boda akiwa tayari anaongea. Mkufunzi wao wa hesabu, Madam Khainza, alikuwa amewakataza kutumia tano na namba zote za juu yake. Aliwaambia wajifanye kwamba watu wote duniani wana mkono mmoja tu. Moja, mbili, tatu, nne, halafu mkono. Baada ya hapo mkono na moja, mkono na mbili, hadi mikono miwili. Kisha akawaandikia ubaoni: mkono na tatu, jumlisha mkono na nne. Watu wazima, wengine wenye wajukuu, waliinamia vidole vyao wakitoka jasho, huku Madam akinong'ona, "Inayofuata." Mama alipata njia ya mkato: aligeuza kila kitu kuwa namba za kawaida, akajumlisha, kisha akarudisha kwenye mikono. Madam akamkamata. "Wewe unatafsiri," alimwambia. "Mtoto hana namba nyingine za kukimbilia."

Maneno hayo yalimkera mama kuliko kuanguka kwenyewe. Alizunguka jikoni na kisu mkononi huku mama mkubwa akimkwepa. "Mimi nafundisha watoto wa nasari!" alisema. "Hata ishirini hawapiti. Hii mikono ni ya nini?" Mama mkubwa, mtu mpole asiyependa kelele karibu na chakula chake, alimjibu, "Uliza Madam. Mimi niko na malewa tu." Mama aliketi, akainuka, akaketi tena. Akamwaga vizibo mkekani, akaanza kuhesabu kwa mikono, na alipopotea katikati nilimwona akifanya kitu cha ajabu: midomo yake ilianza kuimba. Wimbo wake mwenyewe ulikuwa unamkimbiza. Ulifika mbali na kidole kikabaki nyuma kwenye kizibo kilekile. Alifumba mdomo ghafla, akanitazama, na siku ile hatukuhesabu tena.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Kila mwanafunzi alete mtoto, amfanye ahesabu vitu mbele ya Madam, kisha aeleze alichokiona. Mama alikuwa nami, basi nikavishwa gauni la Jumapili na viatu vilivyonibana. Tangu tufike Nkoma alikuwa amenifanyisha mazoezi, na mazoezi yake yalikuwa ya kuchosha, kwa sababu kila nilipositasita alinirukia: "Haya, inayofuata! Angalia vizuri! Akello, usilale!" Nilijua kwamba nikikosea, darasa letu limekwenda. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliokota jambo hilo mwenyewe katika mazungumzo ya watu wazima, nikalibeba peke yangu hadi chuoni.

Madam Khainza alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyenong'ona badala ya kuongea. Alivitawanya vizibo mkekani ovyo ovyo, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa Kigisu sikukijua, "Akello, hivi ni vingapi?" Nikaanza kuimba. Nilisikia wimbo ukinibeba, mtamu, mwepesi, na nikafika ishirini kwa sauti ya ushindi. Kidole changu kilikuwa hata hakijamaliza vizibo. Nilimgeukia mama nikingoja anirukie. Mama alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, shingo imesimama mishipa, midomo imebanwa hadi imekosa rangi. Hakunitupia hata jicho. Nikaanza upya bila wimbo, nikisogeza kizibo kimoja kimoja kutoka upande huu kwenda ule. Nikapotea. Nikavirudisha vyote. Mwanafunzi mmoja nyuma alikohoa, mwingine akatazama saa, na mama aliendelea kukaa. Mara ya tatu nikafika. "Kumi na tatu," nikasema, na nikajua kwa mara ya kwanza maishani kwamba nimesema kweli.

"Mbona hukumsaidia mtoto wako?" Madam akamuuliza. "Madam, mimi pia nilikuwa nimepotea kwa ile mikono yako," alisema mama. "Kila ukisema 'inayofuata', nilipotea zaidi." Madam alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaandika. Mama alifaulu. Tulirudi Jinja, darasa likabaki letu, na wimbo wa kuhesabu ukapunguzwa mwendo hadi wazazi wakalalamika.

Leo ninaishi Wanyange, karibu na Jinja, na ofisini nashinda na namba ambazo mashine inazijumlisha kabla sijakaa sawa. Mama amestaafu na huja kwetu mwisho wa juma. Jumamosi iliyopita mwanangu, ambaye hajafikisha miaka sita, alitumwa kuhesabu vibanio vya nguo. Alivipanga, akavihesabu, akakosea, akaanza upya. Mimi nilikuwa nimekaa kimya kwa adabu, nikijiona mtoto wa mwalimu. Mama akashindwa kujizuia. "Kumi na moja!" alipiga kelele kutoka kitini. "Sema kumi na moja, mtoto, chakula inapoa!" Tulicheka wote, naye mwenyewe akacheka. Lakini baadaye, nikiosha vyombo, machozi yalinitoka. Miaka yote hii nilidhani kwamba Mbale walimfundisha mama uvumilivu, kwamba alikwenda hana akarudi nao. Hakuwahi kuwa nao. Asubuhi ile chuoni alikuwa na haraka kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake, na alinisubiri.